Ukoo wa Müller: mwongozo kamili wa kutoka kwenye jina hadi kwenye kinu

Müller, yaani msagaji wa nafaka, ndilo jina la ukoo lenye watu wengi kuliko yote Ujerumani, na Uswisi vilevile. Ukikaa Köln au Zürich mwezi mmoja tu hukosi kukutana nalo: kwenye kengele ya mlango wa jirani, kwenye barua ya daktari, kwenye cheti cha ndoa cha dada yako. Kwa Waswahili wengi walioko huko limeshaingia nyumbani kwa njia ya ndoa, na siku moja mtoto anarudi shuleni na kazi ya kuchora mti wa ukoo. Upande wa mama unajazwa kwa simu moja kwa shangazi Tanga. Upande wa baba unaishia kwa babu wa pili, na mbele yake ni ukungu.

Mwongozo huu ni wa upande huo wenye ukungu. Natoa msimamo wangu mapema kwa kuwa hatua zote zinaufuata: usitafute jina, tafuta kinu, yaani nyumba ya kusagia nafaka kwa nguvu ya maji au upepo. Hakuna ukoo mmoja wa Müller. Karibu kila kijiji kilikuwa na kinu, kila kinu kilikuwa na msagaji, na kila msagaji aliweza kuwa chanzo cha kina Müller wake peke yake, bila undugu wowote na wale wa bonde la pili. Ukilikimbiza jina utazama. Lakini kinu hakihami. Kina mto wake, kina mwenye ardhi wake, kina kesi zake, na karatasi zake zilitunzwa kuliko za mkulima wa kawaida, maana kinu kilikuwa mali na mali huzaa makaratasi.

Kabla ya kuanza: ijue kazi yenyewe

Wengi huruka sehemu hii, halafu wanashindwa kuelewa nyaraka wanazozipata. Kwetu ukitaka unga unabeba debe lako la mahindi, unachagua mashine, unalipa kwa kilo au kwa debe, na jamaa akikuzingua kesho unakwenda mashine nyingine. Msagaji wa Ujerumani ya kale hakufanya kazi hivyo. Kinu mara nyingi kilikuwa cha kabaila, cha monasteri au cha mji. Wakulima wa eneo fulani walilazimishwa kisheria kusaga hapo na si pengine, na sharti hilo liliitwa Mühlenzwang. Huko Prussia, dola kubwa ya Kijerumani ya kaskazini, lilifutwa mwaka 1810 tu. Msagaji mwenyewe alikuwa mpangaji: anamlipa kabaila pango, na yeye anajilipa kwa kuchota sehemu ya nafaka ya mteja. Sehemu iliyozoeleka Prussia ilikuwa 1/16: kwa kila Scheffel moja, yaani takribani lita 55, anachota Metze moja, chombo kinachokaribia pishi letu kwa ukubwa.

Sasa fikiria: mteja analazimika kuja, na anayepima ni msagaji mwenyewe, ndani, penye kelele na vumbi. Usishangae kwamba alituhumiwa wizi kila siku. Katika maeneo kadhaa vyama vya mafundi vilikataa kumpokea mtoto wa msagaji kama mwanagenzi, kwa madai kwamba kazi ya babake haina heshima. Ilibidi sheria ya dola ya mwaka 1548 itamke kwamba watoto wa wasagaji, pamoja na wa wafumaji kitani, wachungaji kondoo na wengineo, wasikataliwe. Ukikuta kijana wa ukoo wako ameandika barua ya kuthibitisha kwamba amezaliwa ndani ya ndoa na kwa wazazi wenye heshima, usidhani kulikuwa na kashfa. Huo ulikuwa utaratibu.

Ufundi wenyewe haukuwa mdogo. Mawe yalikuwa mawili. La chini limelala tuli, la juu linazunguka. Jiwe lenye upana wa mita moja na kitu laweza kufika karibu tani moja, nalo linazunguka zaidi ya mara 100 kwa dakika bila kuligusa lile la chini. Likigusa, cheche zinaruka, unga unanuka moshi, na vumbi la unga linaweza kushika moto. Nafaka inamwagika kwenye tundu la katikati, inasukumwa nje kupitia mifereji iliyochongwa kwenye uso wa jiwe, na inatoka ukingoni ikiwa unga na pumba pamoja. Mifereji hiyo inalika, kwa hiyo kila baada ya muda jiwe la juu lilinyanyuliwa, likapinduliwa, na msagaji akalala ubavu akilichonga upya kwa nyundo yenye makali pande zote mbili. Mawe ya kule Mayen, kwenye milima ya Eifel, yalitokana na lava ya volkano na yalisafirishwa mbali tangu enzi za Warumi. Mtu aliyejua kazi hii hakupatikana kila kona, ndiyo maana kabaila aliandikiana naye mkataba. Mikataba hiyo ndiyo tutakayoifuata huko mbele.

Hatua ya kwanza: karatasi zilizomo ndani ya nyumba

Anza sebuleni kwa mama mkwe kabla ya kufungua kompyuta. Familia nyingi za Kijerumani zina Familienstammbuch, jalada la vyeti linaloanza siku ya ndoa na kuongezewa vya watoto. Omba kuona la bibi na babu. Piga picha kila ukurasa, hata ule unaoonekana mtupu, maana pembeni huandikwa mambo kwa penseli.

Kuna kitabu kingine ambacho ni chanzo kizuri sana na chenye historia mbaya sana. Kinaitwa Ahnenpass. Baada ya mwaka 1933 utawala wa Wanazi uliwataka watumishi wa umma, na baadaye watu wengi zaidi, wathibitishe kwamba hawana mababu Wayahudi. Watu wakaandika kwa mapadri na wachungaji, wakapata maingizo ya ubatizo na ndoa, na kuyapigisha mihuri ndani ya kijitabu hicho. Ndiyo sababu nyumba nyingi hadi leo zina mti wa ukoo uliothibitishwa unaofika karibu mwaka 1800, na hakuna anayetaka kuuzungumzia. Kwa mkwe Mwafrika kukiomba ni jambo la kupimia. Mimi ningeanza na swali pana: “Oma, kuna karatasi zozote za zamani za ukoo, hata zile za wakati wa vita?” Ukimya ukitanda, acha ukae. Mara nyingi kitabu huletwa ziara inayofuata, pengine na mjomba. Kikifika, chukua tarehe, majina ya sharika na namba za maingizo. Usianzishe mjadala mezani siku hiyohiyo.

Kwa wanawake andika kila neno geborene, au kifupisho chake geb., linalotangulia jina la kuzaliwa. Hadi mwaka 1976 sheria ya Ujerumani Magharibi ilimtaka mke achukue jina la mume. Bibi anayeitwa Müller kwa ndoa hatakufikisha kwenye kinu chochote, ila jina lake la kuzaliwa linaweza kukufikisha kwenye kingine, kama nitakavyoeleza.

Hatua ya pili: ofisi ya vizazi na vifo

Inaitwa Standesamt. Ujerumani nzima ilianza usajili huu tarehe 1 Januari 1876, na Prussia ilitangulia tarehe 1 Oktoba 1874. Ukingo wa kushoto wa mto Rhine ulikuwa nao tangu mwaka 1798, chini ya Wafaransa, na huko kwa miaka michache ya mwanzo tarehe zimeandikwa kwa kalenda ya mapinduzi yao. Usiogope ukikutana na mwezi unaoitwa Brumaire, mtandaoni kuna vikokotoo vya kuubadilisha.

Sheria ya faragha inahesabu hivi: kumbukumbu za kuzaliwa zinafunguka baada ya miaka 110, za ndoa baada ya 80, za vifo baada ya 30. Kabla ya hapo kwa kawaida atapewa mtu wa uzao wa moja kwa moja, kwa hiyo mumeo au mtoto wako ndiye aombe, si wewe. Baada ya hapo vitabu huhamishiwa hifadhi ya nyaraka ya mji au ya jimbo, na yeyote anaweza kuomba.

Usiombe cheti cha kawaida. Omba beglaubigte Ablichtung aus dem Geburtenregister, yaani nakala iliyothibitishwa ya ukurasa mzima wa daftari. Cheti kina majina na tarehe basi. Ukurasa wa daftari mara nyingi una kazi ya baba, anuani, dini, na pembeni yake maandishi yaliyoongezwa baadaye kuhusu ndoa au kifo. Kazi ya baba ndiyo unayoitaka. Ukikuta “Müllermeister”, yaani fundi mkuu wa kusaga, mwaka 1880, umebahatika na unaweza kuruka hadi kwenye ramani. Lakini wengi watakuta mfua vyuma, karani wa reli, mfanyakazi wa migodi. Ni kawaida. Majina ya ukoo yalianza kushika kwenye miji ya Rhine karne ya 12, na kufikia mwaka 1600 au hivi yalikuwa yameganda karibu nchi nzima. Kina Müller wengi wa mwaka 1880 walikuwa na karne kadhaa tangu waache kugusa jiwe.

Hatua ya tatu: kijiji, si nchi

Kila ingizo likupe jina la mahali. Hapo kuna mtego, kwani Mühlbach, Mühlhausen na Neustadt ziko nyingi mno. Tumia kamusi ya mahali ya Meyer, ambayo ni orodha ya vijiji na miji ya dola ya Ujerumani kabla ya Vita vya Kwanza na imewekwa mtandaoni bure. Itakuambia wilaya, ofisi ya usajili na sharika au parokia iliyo karibu. Chama cha watafiti wa koo cha CompGen nacho kina hazina ya mahali iitwayo GOV, inayoonyesha kijiji kilikuwa chini ya nani kwa vipindi tofauti.

Kama ukoo ulihamia Marekani, usianzie Ujerumani. Huko Müller aligeuka Miller, na Miller ni jina la saba kwa wingi katika sensa ya Marekani ya 2010, likichanganya Wajerumani, Waingereza na Waskoti kwenye kapu moja. Orodha za abiria za bandari ya Hamburg zimesalia, kuanzia 1850 hadi 1934, nazo mara nyingi zinataja kijiji cha mtu. Za Bremen sehemu kubwa imepotea.

Hatua ya nne: vitabu vya kanisa

Hapa ndipo kazi inapokolea, na ndipo wengi wanapokata tamaa.

Nyuma ya mwaka 1874 au 1876 unategemea madaftari ya ubatizo, ndoa na mazishi. Sharika za Kiprotestanti za mwanzo kabisa zilianza kuyaandika karne ya 16, na Wakatoliki walisukumwa na Mtaguso wa Trento mwaka 1563. Vita vya Miaka Thelathini, 1618 hadi 1648, viliteketeza mengi, kwa hiyo usishangae daftari likianza mwaka 1650. Ya Kiprotestanti yatafute kwenye tovuti ya Archion, ambako unalipia muda wa kutumia. Ya Kikatoliki yako kwenye tovuti ya Matricula, bure. FamilySearch nayo ni bure, ila picha nyingine zinafunguka ukiwa kwenye vituo vyao tu. Kabla ya kulipa popote angalia kama kijiji kina Ortsfamilienbuch, kitabu kilichokwisha kupanga familia zote za hapo. Kama kipo, mtu ameshakumalizia miezi ya kazi.

Mwandiko unaitwa Kurrent, nao ulitumika hadi shule zilipoachishwa aina hizo za mwandiko mwaka 1941. Jifunze kwanza kuandika jina Müller kwa Kurrent kwa mkono wako, mara nyingi, hadi jicho lilizoee. Ukishalizoea utalinasa kwenye ukurasa mzima bila kusoma mengine. Herufi e inafanana na n, na s ndefu inafanana na h. Vinukta viwili vya ü wakati mwingine ni mstari tu, au havipo kabisa.

Huu hapa mfano niliouunda mwenyewe, kwa sura ya maingizo ya karne ya 18:

“Den 12. Martii 1743 ist dem Johann Georg Müller, Müllern auf der Untermühle, ein Söhnlein getauft worden. Taufpate: Hans Caspar Beck, Müller auf der Obermühle.”

Yaani tarehe 12 Machi 1743 Johann Georg Müller, msagaji wa kinu cha chini, amebatiziwa mtoto wa kiume, na msimamizi wa ubatizo ni Hans Caspar Beck, msagaji wa kinu cha juu. Ingizo moja, lakini lina mambo matatu ya kukamata.

La kwanza, kwa baba wa mtoto neno Müller limekuja mara mbili. La mwanzo ni jina, la pili ni kazi. Hiki ndicho kipimo chako kikuu. Ukikuta “Hans der Müller” katika hati ya karne ya 14, hujui bado kama ana jina la ukoo, pengine ni Hans anayesaga. Ukikuta “Hans Müller, Schneider”, yaani fundi cherehani, basi jina limeshaganda na kinu kiko nyuma yake, kwa babake au kwa babu wa babake.

La pili, kuna jina la kinu. Untermühle, Obermühle, Neumühle, Steinmühle, Bachmühle: liandike kwa wino, maana thamani yake ni kubwa kuliko jina la mtu. Kutokana na vinu kama hivyo ndipo walipotoka kina Obermüller, Neumüller na Steinmüller.

La tatu ni msimamizi wa ubatizo. Yeye ni msagaji mwenzake, na haitwi Müller. Wasagaji walioana wao kwa wao na kusimamiana watoto. Mmoja wa watoto alirithi kinu, wengine wakaenda kufanya kazi kwenye vinu vya wenzao, wakioa binti wa msagaji au mjane wake. Ndiyo maana ukoo wa namna hii unaonekana kuruka vijiji: miaka 30 uko hapa, kisha unatoweka kwenye daftari. Usitafute kwa kubahatisha. Panda au shuka na mto uleule, kinu hadi kinu, ukianza na vile vya wasimamizi wa ubatizo. Hapo pia lile jina la bibi la kuzaliwa linalipa, kwani kinu chenyewe mara nyingi kilipitia upande wa mwanamke.

Kwenye vitabu vya Kilatini msagaji ni molitor, au molendinarius. Baadhi ya wasomi walijigeuza kabisa: ukoo wa Molitor na wa Mylius huwa ni kina Müller waliovaa joho la chuo. Mnajimu mashuhuri Regiomontanus, aliyezaliwa mwaka 1436, jina lake lilikuwa Johannes Müller. Kwa hiyo unapotafuta kwa mashine andika zote: Müller, Mueller, Muller, Miller, Möller, Müllner, Molitor. Miller ni ya Kijerumani pia, hasa kusini, na Möller ni ya kaskazini.

Na tarehe: maeneo ya Kiprotestanti yalibaki na kalenda ya zamani hadi mwaka 1700. Kati ya 1582 na 1700 vijiji viwili jirani vinaweza kutofautiana siku kumi bila mmoja wao kukosea.

Hatua ya tano: weka kinu kwenye ramani

Chukua ramani za zamani za kipimo cha 1:25,000, zinazoitwa Messtischblätter. Maktaba ya SLUB ya Dresden imezipandisha mtandaoni kwenye Kartenforum yake. Kwa maeneo ya iliyokuwa dola ya Austria na Hungaria tumia ramani za kijeshi zilizo kwenye tovuti ya Arcanum. Fuata mto kwa kidole. Kinu huandikwa Mühle, au kwa kifupi M. au Mhl., kikiwa nje kidogo ya kijiji, na mara nyingi utaona mfereji mwembamba unaochepuka mtoni, unapita kwenye nyumba, kisha unarudi. Huo mfereji ndio ushahidi. Hata kama jengo limekwisha, kwenye picha za satelaiti za leo alama yake mara nyingi bado inaonekana, mstari wa miti usio na sababu nyingine ya kuwa pale.

Vinu vya upepo ni vya kaskazini na mashariki zaidi, kwenye tambarare, na msagaji wake aliitwa Windmüller. Angalia pia usidanganyike na neno Mühle peke yake. Kulikuwa na Ölmühle ya kukamua mafuta, Sägemühle ya kupasua mbao, Papiermühle ya karatasi. Gurudumu ni lilelile, kazi ni nyingine.

Hatua ya sita: faili za kinu

Sasa unatafuta kinu, si watu. Andika jina la kinu na la kijiji kwenye Archivportal-D, inayokusanya orodha za hifadhi nyingi za nyaraka Ujerumani. Hesse na Niedersachsen zina mfumo wao uitwao Arcinsys. Maneno ya kuambatanisha ni Mühle, Mühlenakten, Erbpacht (pango la kurithishwa), Mühlenkonzession (kibali) na Wasserrecht (haki ya maji). Hati za pango zinataja mpangaji, mkewe, watoto, na kiasi cha nafaka kinachodaiwa kwa mwaka. Mpangaji anapobadilika, hati mpya huandikwa, na humo utaona kama mpya ni mtoto, mkwe au mtu baki.

Halafu kesi. Msagaji alikuwa mtu wa kesi kwa sababu maji hayana ukuta. Wa juu akiziba, wa chini anakosa. Wa chini akiinua bwawa lake, gurudumu la wa juu linazama. Ndiyo maana nguzo ya kipimo ilichomekwa bwawani mbele ya mashahidi kuonyesha maji yasipite hapa, na kugombea nguzo hiyo kumejaza faili chungu nzima. Kesi iliyovuma kuliko zote ni ya Christian Arnold wa Pommerzig, kijiji kilichoko Poland leo. Mkuu wa wilaya, von Gersdorff, alichimba mabwawa ya samaki juu ya kinu chake. Arnold akasema maji hayatoshi na akaacha kulipa pango, kinu kikapigwa mnada mwaka 1778, naye akashindwa mahakamani. Mkewe na yeye wakamlilia Mfalme Friedrich wa Pili wa Prussia. Desemba 1779 mfalme akamfukuza waziri wake wa sheria na kuwatia mahakimu ndani. Mfalme alipofariki mwaka 1786 mahakimu wakasafishwa, na wanasheria wanabishana hadi leo nani alikuwa na haki. Kwako mtafiti lililo muhimu ni dogo zaidi: msagaji mashuhuri kuliko wote Prussia hakuitwa Müller. Ukiorodhesha wapangaji wa kinu chako na kukuta kina Arnold na Beck katikati, usidhani umekosea mlango.

Mitego ya njiani

Westfalia na sehemu za Niedersachsen kulikuwa na desturi ya mwanamume anayeoa kwenye shamba au kinu kuchukua jina la mahali hapo. Kwenye daftari utaona neno genannt, “aitwaye”. Tuseme Schulte anaoa binti wa kinu na watoto wanaitwa Müller. Hapo jina limeendelea na damu ya upande wa baba imebadilika, kwa hiyo hata kipimo cha vinasaba kitakuonyesha kina Schulte. Anayekuuzia nembo ya ukoo wa Müller kwenye fremu anakuuzia fremu, kwa sababu nembo zilikuwa za familia moja moja, si za jina.

Kwa maeneo ya mipakani jina linaweza kuwa tafsiri tu. Ukoo wa Młynarz wa Kipolandi au Meunier wa Kifaransa unaweza kuwa Müller ndani ya kizazi kimoja, au kurudi tena. Nchi nyingine nazo zina wao: Melnyk, jina linaloongoza kwa wingi Ukraine, Molnár wa Hungaria, Mulder na Molenaar wa Uholanzi, Molinari wa Italia, Tahan wa Kiarabu. Kazi ni hiyohiyo, lakini undugu haupo mpaka karatasi iseme.

Pwani yetu mtu kwa kawaida huitwa kwa jina la baba na la babu, kwa hiyo tumezoea kwamba majina yakishikana, watu wanashikana. Tabia hiyo iache mlangoni. Müller wawili ndani ya daftari moja, kijiji kimoja, mwaka mmoja, wanaweza kuwa hawana uhusiano wowote.

Ukikipata

Jumatatu ya Pentekoste ni siku ya vinu Ujerumani, Deutscher Mühlentag, iliyoanza mwaka 1994. Siku hiyo mamia ya vinu hufunguliwa na mawe huzungushwa. Mpeleke mtoto. Lakini hakikisha kwanza kwamba chako kimo kwenye orodha ya chama cha vinu, DGM, kwa maana vingi havimo. Mashine za rola zilivipiga tangu mwisho wa karne ya 19, na mwaka 1957 Ujerumani Magharibi ilipitisha sheria ya kuwalipa wenye vinu ili wafunge. Vingi leo ni makazi ya watu. Usitokee na kamera. Andika barua fupi ya karatasi, eleza wewe ni nani, ambatisha nakala ya lile ingizo la ubatizo lenye jina la kinu, na uulize jambo moja tu: kama waliponunua nyumba walikabidhiwa hati za zamani. Waliokabidhiwa huwa wanatamani mtu wa kuwasomea, na wewe sasa Kurrent unaijua.